Nimetoka kwenye kundi, lakini bado sijui kujadiliana na watu

SWALI

Habari za kazi, washauri.

Nililelewa ndani ya kundi la dini lenye masharti makali, nikatoka nikiwa mtu mzima. Kutoka nimeshatoka, kwa hiyo siombi ushauri wa kurudi wala wa kubaki nje. Shida yangu ni nyingine: sijui kujadiliana na watu.

Kule hapakuwa na mjadala. Palikuwa na fundisho, na baada ya fundisho palikuwa na maswali ambayo majibu yake yalishaandikwa. Aliyeuliza la nje ya hayo aliitwa pembeni, akahojiwa ana dhambi gani anayoificha na ni nani anayemtia sumu. Akiendelea, anatengwa, hata mama yake mzazi hamsalimii. Basi nilijua mambo mawili tu: kunyamaza mbele ya wakubwa, na kuwashinda kwa maneno watu wa nje.

Sasa na mimi niko nje, na bado ninayo hayo hayo mawili. Majuzi kazini wenzangu walikuwa wanazungumza kama mtoto afundishwe dini ya wazazi wake au aachwe achague akishakua. Mmoja akasema yeye wake anawafundisha. Nilimrukia. Nilimwambia anawafunga watoto akili, nikamwaga yote yaliyonipata tangu utotoni, bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Akainuka akaenda zake. Wiki hiyo hiyo, kwenye kikao, bosi alitaja takwimu ambazo nilijua si sahihi, maana nilizikusanya mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa huku mikono inatetemeka.

Halafu yuko mdogo wangu wa kike, ambaye bado yumo. Hunipigia simu kwa siri. Kila tukiongea tunaishia kwenye mafundisho, mimi nalia, yeye anakata.

Rafiki yangu kaniambia bado nahubiri, ila nimebadilisha somo tu. Imeniuma kwa sababu naona ni kweli. Naomba mnieleze cha kufanya, hatua kwa hatua. "Jipe muda" nimeshaambiwa vya kutosha.

Msomaji wenu

JIBU

Ndugu yetu,

Hujakosa akili ya kujadiliana, wala huna ugomvi wa kuzaliwa nao. Kuna jinsi ya kuzungumza uliyofunzwa kwa miaka mingi, ukaiva, na sasa inakutoka yenyewe kabla hujafikiri. Katika makundi ya namna hiyo swali halichukuliwi kama swali. Linachukuliwa kama kipimo cha utii. Ukiulizwa "unaamini hivi au huamini?", anayeuliza hatafuti hoja yako, anatafuta kujua kama bado u mwenzao. Ndiyo maana mwili wako unashtuka mtu akikupinga hata kwa takwimu za kazini: kwako kupingana kulikuwa na bei, na bei yake ilikuwa mama. Na ndiyo maana mwenzako alipotaja watoto wake hukumsikia yeye, ulisikia kundi.

Kazi iliyo mbele yako, basi, ni kutenganisha vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: jambo linalozungumzwa, na nani ni wetu nani si wetu. Karibu kila tutakachokuambia hapa kinarudi hapo.

Anza na mwili, kwa sababu usipoushika huo, maneno mazuri yote unayojifunza yatakukimbia. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman alipima mapigo ya moyo ya wanandoa wakiwa wanabishana, akaona kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa sawasawa, anajihami tu. Ushauri wake ni kusimamisha mazungumzo kwa dakika 20 au zaidi, maana mwili hautulii upesi kama tunavyodhani. Kujipima ni rahisi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 25 ndani ya sekunde hizo, umefika 100. Jipime kwanza siku ambayo umetulia, ujue kawaida yako, kwani wapo ambao dawa au mazoezi hubadilisha kiwango hicho. Katikati ya kikao hutahesabu, lakini baada ya kujipima mara kadhaa utazijua dalili zako bila saa: masikio kuwaka, sauti kupanda, sentensi kuunganika bila nukta.

Mambo mawili huharibu mapumziko hayo. La kwanza ni kuzitumia dakika zile 20 kupanga utakavyojibu, moyo hautashuka. Tembea, oga, soma kitu kisichohusiana kabisa. La pili ni kuondoka bila kusema utarudi lini. Wewe unajua vizuri kuliko wengi ukimya wa ghafla unavyoumiza, maana kwenu ulikuwa adhabu. Kwa hiyo taja muda: "Naomba tuliache kidogo, nimepanda hasira. Saa tisa nitakutafuta tumalizie." Kisha mtafute kweli saa tisa.

Mwili ukishatulia, jifunze kurudia. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Carl Rogers alipendekeza kanuni ambayo hadi leo ni vigumu kupata iliyo bora: kila mtu aruhusiwe kutoa hoja yake baada tu ya kuyaeleza mawazo ya aliyemtangulia, kwa namna ambayo mwenye mawazo ataridhika. Hapa ndipo watu wengi waliotoka kwenye makundi huteleza, kwa sababu hurudia kwa kutia sumu. Chukua kisa chako. Mwenzako kasema anawafundisha watoto dini yake. Ukijibu, "Kwa hiyo unasema mtoto hana haki ya kufikiri," hujarudia, umeshtaki. Kurudia ni hivi: "Nikikuelewa, unawafundisha sasa ili wakue na msingi fulani, na baadaye wataamua wenyewe. Nimekupata?" Halafu nyamaza. Unangoja moja kati ya mambo mawili: aseme "ndiyo, hasa", au akurekebishe. Huenda akasema, "La, mimi siwazi hata habari ya kuamua baadaye, nataka tu wawe na la kushikilia siku za taabu." Tazama ulivyopata jambo jipya ambalo hukulijua dakika moja iliyopita, na ambalo ungepigana nalo bila kuliona. Ukijaribu mara mbili na bado anasema siyo, muombe aliseme mwenyewe upya kwa ufupi.

Kuna kikwazo ambacho wasiopita huko hawakijui. Kule, kutamka maneno kwa sauti kulikuwa ni kukiri. Ulirudia fundisho mbele ya wenzako, na kurudia kwenyewe kukawa ndiyo kukubali. Sasa ukiyarudia mawazo usiyoyapenda, tumbo linasokota kama kwamba unakufuru, au unarudi kule ulikotoka. Usishangae. Anza sentensi na "wewe unaona kwamba…" au "kwa maoni yako…", mpaka mwili uzoee kwamba kuyaeleza mawazo ya mtu siyo kuyaapia. Unaweza kufanya zoezi hili peke yako kwa kuandika: chagua jambo usilokubaliana nalo, liandike kwa sentensi tano jinsi anayeliamini angeliandika, kisha mpe mtu anayeliamini asome. Akisema "hivi ndivyo ninavyofikiri", umefaulu. Akitabasamu kwa uchungu, kuna neno la kejeli umeliacha humo, litafute ulitoe.

Sasa tuje kwenye maneno yako mwenyewe. Kule ushuhuda ulikuwa ndio ushahidi: mtu anasimama, anaeleza yaliyompata, na hoja imekwisha, kwa sababu nani atabisha na machozi ya mwenzake? Ulimfanyia mwenzako hivyo hivyo. Yaliyokupata ni kweli, na ni ushahidi kwamba yalikupata. Hayasemi chochote kuhusu nyumba ya mwenzako ambayo hujawahi kuingia. Jizoeze kuipambanua kila sentensi kabla haijatoka: hili nimeliona, hili nimeambiwa, hili nalikisia. Ukizungumza juu ya malezi, sentensi yako ingekuwa, "Mimi nililelewa bila ruhusa ya kuuliza, na iliniumiza. Kwa hiyo huwa naogopa nikisikia mtoto anafundishwa dini, ingawa sijui kwako mnafanyaje. Wakikuuliza maswali magumu unawajibuje?" Uzito wa yaliyokupata uko pale pale. Kilichobadilika ni kwamba mwenzako amebakiziwa nafasi ya kujibu.

Pamoja na hilo, zoea kutoa alama. Kundi lilikuwa na sifuri na kumi tu: kweli tupu au uongo mtupu. Watu wengine wanaishi na nne, sita na saba, wala hawaumwi. Kila jioni kwa wiki moja andika maoni matano uliyoyatoa siku hiyo, hata madogo, uyape alama ya uhakika kati ya 0 na 10, na pembeni ya kila moja uandike kitu ambacho kikionekana kitaishusha alama hiyo kwa mbili. Mahali ambapo huoni chochote cha kuishusha, jua kwamba hapo huna hoja ya kujadili. Una msimamo, na ni haki yako kuwa nao, lakini usiulete mezani ukauita mjadala. Wiki ikiisha na maoni yako yote ni 9 na 10, rudia zoezi kwa mambo yasiyo na uhusiano wowote na dini. Katika mambo hayo ndipo wengi huanza kuandika 6 bila kuogopa.

Rafiki yako amesema kweli kuhusu kuhubiri, na ishara yake hujificha kwenye msamiati. Robert Jay Lifton, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyechunguza watu waliopitishwa katika mafunzo ya kubadilishwa fikra huko China, alieleza mwaka 1961 jinsi mifumo ya namna hiyo inavyosukuma mambo makubwa ndani ya misemo mifupi, na ukishausema msemo kufikiri kunakoma hapo hapo. Unaikumbuka ya kwenu: "roho ya uasi", "amerudi nyuma", "mtu wa dunia". Anayetoka huiacha hiyo, akaokota mingine ya kazi ile ile: "kasumba", "kondoo", "amekaririshwa", "amka". Kwa miezi mitatu usiitumie kabisa juu ya mtu yeyote, hata aliye mbali. Kila inapokujia, sema kwa maneno ya kawaida kile hasa unachokiona: "anasoma vitabu vya kundi lake tu", "anaogopa kumuuliza kiongozi wake". Maneno ya namna hii yanaweza kupingwa, kusahihishwa, kupimwa. "Kasumba" haipimiki.

Kuhusu bosi, tunakuambia wazi kwamba ukimya ule si woga wa peke yako. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu katika kundi na kuwauliza ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mwingine. Jibu lilionekana kwa macho. Wengine waliokuwa humo walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa pamoja, na karibu theluthi moja ya majibu ya mhusika yakafuata uongo huo. Lakini alipowekewa mtu mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Itumie elimu hiyo. Kabla ya kikao mwonyeshe mwenzako mmoja jedwali lako, umuulize, "Unaona ninachokiona?" Kisha kikaoni sema kwa sentensi mbili, ukianza na karatasi badala ya bosi: "Jedwali la mwezi uliopita lina namba tofauti na hii. Naweza kulituma baada ya kikao tulinganishe?" Mara za kwanza hata maandishi peke yake yanatosha, siyo lazima sauti yako isikike siku ya kwanza.

Usianze na bosi, hata hivyo. Anza na watu wasioshika mkate wako, kwa mambo yasiyo na gharama: njia ipi ni fupi, kikao kianze saa ngapi, rangi ipi inafaa. Pingana mara tatu kwa wiki, kwa makusudi, kwa upole. Kabla ya kila mara andika unachoogopa kitatokea. Baadaye andika kilichotokea. Baada ya wiki sita zisome kurasa hizo kwa mfululizo. Mara nyingi utakuta uliandika "atanichukia" upande mmoja, na upande wa pili "alisema sawa, tukaendelea". Na ukikuta mtu ambaye kweli hulipiza kisasi kila anapopingwa, huo woga si mabaki ya zamani. Huo ni ujuzi wa mazingira yako, ufuate, na mambo yake uyapeleke kwa maandishi mbele ya shahidi.

Ukitaka mahali pa kujizoeza, tafuta kikundi chenye mwenyekiti na kanuni za mjadala: chama cha wafanyakazi, kikundi cha kusoma vitabu, kamati ya wazazi wa shule. Kanuni za mikutano zilizokusanywa na Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1876, zina mambo mawili yatakayokufaa hata mkiwa watu wanne. Aliyekwisha kuzungumza juu ya hoja hazungumzi tena wakati yupo asiyezungumza anayetaka nafasi. Na hairuhusiwi kushambulia nia ya mwenzako. Unashughulika na hoja, si na kilichomfanya ailete. La pili hilo ni dawa yako hasa, maana kule kila hoja ilijibiwa kwa kuchimba nia: "unasema hivyo kwa sababu una kiburi."

Chunga usiingie kundi jingine la aina ile ile lenye mafundisho tofauti. Liwe la dini, la siasa au la waliotoka, litazame kwa maswali haya kabla hujazama: mtu akimkosoa kiongozi mbele ya wote, mwezi ujao bado yupo na anasalimiwa? Waliowahi kuondoka wanazungumziwaje? Kuna jambo lolote ambalo kundi limewahi kukiri kwamba lilikosea, likalibadilisha? Vikundi vya waliotoka husaidia mno mwanzoni, kwa sababu humo huhitaji kujieleza, lakini vikitawaliwa na kushindana nani aliumizwa zaidi, havikufundishi kujadiliana.

Mdogo wako usimhesabu katika mazoezi haya hata kidogo. Yeye siyo mjadala. Anahatarisha nafasi yake kukupigia simu, na kila simu inayoishia kwenye machozi inamthibitishia alichoambiwa kukuhusu. Kwa miezi kadhaa usianzishe habari ya mafundisho. Muulize afya, kazi, usingizi, analolisoma, mkumbushane mambo ya utotoni mliyocheka pamoja. Yeye akilianzisha, rudia alichosema kwa heshima, uliza swali moja tu linalomhusu yeye, si viongozi wake: "Na wewe mwenyewe, likikujia usiku, unalionaje?" Akinyamaza, usiuzibe ukimya huo kwa hoja. Usimwombe aseme ubaya wa kundi kwenye simu, kwa sababu katika makundi mengi ya namna hiyo atatakiwa kuyaungama, na ujumbe wa maandishi unaweza kusomwa na mwingine. Kata simu mazungumzo yakiwa bado matamu, hata ikiwa ni baada ya dakika kumi, na kila mara mwambie namba yako haibadiliki. Siku akihitaji mlango, atakuwa anaujua ulipo.

Zaidi ya hayo, hudaiwi jibu kwa kila anayekuuliza kwa nini ulitoka. "Sipendi kulizungumzia leo" ni jibu kamili. "Bado sina maoni" pia ni jibu kamili, na kwa mtu aliyelelewa kwenu ni moja ya majibu magumu kuyatamka, kwa hiyo litamke mara nyingi. Ukiona usiku hulali, ndoto za kule zinakurudia, au unafikiria kujidhuru, hapo mazoezi hayatoshi: nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, na siku ya kwanza muulize waziwazi kama anaweza kukutibu bila kukuvuta kwenye dini wala kukutoa. Akisitasita, tafuta mwingine. Kuwaza kujidhuru hakungoji miadi. Mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo akupeleke hospitali.

La wiki hii ni mwenzako wa kazini. Mtafute akiwa peke yake na umwambie: "Siku ile nilikurukia, nikayahukumu malezi yako bila hata kukuuliza. Nilikosea. Samahani." Ishia hapo. Utajisikia kuendelea, umweleze ulikotoka, ulivyoumizwa, ulie kidogo, kwa sababu toba mliyofundishwa ilikuwa ndefu, ya hadharani, na haikuisha mpaka wakubwa waridhike. Yeye si mkubwa wako, wala hana deni la kukufariji. Akisema "haya, yameisha", yameisha. Akikaa kimya, mwachie ukimya wake, umsalimie kesho yake kama kawaida. Akitaka kujua zaidi atakuuliza, na akikuuliza, jibu lile tu aliloliuliza.